Mkonga wa 2003, injini "haijafunguliwa": ninunue au niache?

SWALI

Mafundi, salaam.

Nafanya biashara ya dagaa na kayabo (sangara wa chumvi). Mzigo nauchukua Kayenze na upande wa Sengerema, nauleta mwaloni Kirumba, Mwanza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 sikai tena foleni ya kivuko, lakini faida inaishia kwenye kukodi gari. Nimejikusanya, nikaongezea mkopo wa kikundi, sasa nataka gari langu mwenyewe.

Nimeonyeshwa pikapu Land Cruiser HZJ79, mkonga (ile yenye bomba la kuvutia hewa lililopanda juu pembeni), kebini moja, ya mwaka 2003, injini 1HZ. Naambiwa ilianzia kwenye mradi, ikaenda kwa mkandarasi wa mgodini, na sasa iko kwa mwenzangu wa biashara ya samaki. Dashibodi inasoma kilomita 186,000. Bei milioni 42, "inazungumzika". Imepigwa rangi mpya nyeupe, na chini kote imepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Springi za nyuma zimeongezwa. Muuzaji anasema ndiyo maana inabeba tani mbili bila kuinama.

Asubuhi niliyokwenda kuiona niliikuta tayari inaunguruma. Nikaomba izimwe, iwashwe tena. Iliwaka mara moja, ikatoa moshi mweupe kidogo, ukaisha. Muuzaji anasema dizeli zote ziko hivyo, na kwamba injini haijawahi kufunguliwa tangu kiwandani. Dalali naye anasema nikitaka nguvu zaidi kuna fundi atanifungia turbo, ile ya kuisukumia injini hewa zaidi.

Mzigo wangu wa kawaida ni kama tani moja na nusu kwa safari. Shemeji yangu anashikilia ninunue Canter. Fundi ninaye mtaani, ila ni mtu wa karibu na huyo dalali. Niikague vipi, na kitu gani nikikiona niondoke?

Mama Dagaa, Ilemela


JIBU

Dada, salaam zimefika. Umeuliza zaidi habari za injini, lakini kilichotushtua kwenye barua yako ni mzigo. HZJ79 ilitengenezwa kubeba takriban tani moja, na ndani ya tani hiyo wamo dereva na utingo. Kama bodi la kiwandani liling'olewa, likawekwa la vyuma lililochomelewa gereji, kila kilo ambayo bodi hilo limezidi unaitoa kwenye magunia yako. Kwa hiyo tani moja na nusu ni kuizidishia kila siku, siyo siku moja moja.

Aliyekwambia springi zimeongezwa ili ibebe tani mbili amekutajia kasoro akidhani anaisifia. Majani ya ziada huzuia mkia usiiname, basi. Hayaongezi unene wa chasisi, wala nguvu ya ekseli, wala ukubwa wa breki. Kishindo ambacho springi laini ingekimeza sasa kinafika moja kwa moja kwenye mabano ya springi, na kutoka hapo kinaikunja chasisi nyuma ya kebini kila tairi linapoingia shimo.

Shemeji yako basi hajakosea. Kama barabara zako nyingi ni lami na mzigo hautapungua chini ya tani moja na nusu, Canter nzima itakulipa vizuri zaidi. Mkonga una sababu kwa mtu anayeingia kwenye mialo ya tope masika, mahali ambapo Canter hulala hadi jua litoke, na ambaye yuko tayari kupakia tani moja akaenda mara mbili. Wapo wanaoununua kwa heshima tu. Wanailipia kila kituo cha mafuta, maana ukiwa na mzigo utegemee kilomita 7 hadi 9 kwa lita.

Tuchukulie bado unautaka. Kazi inaanzia chini ya gari, kabla hujamsikiliza mtu yeyote akisifu injini. 1HZ ni injini ya silinda sita, ujazo wa cc 4,164, haina turbo wala kompyuta ya kuiendesha, na mafundi wanaoijua wamejaa Kanda ya Ziwa. Ikichakaa inafufuliwa. Chasisi iliyoliwa na chumvi haifufuliwi. Inachomelewa viraka, inapakwa rangi nyeusi inayong'aa, inauzwa.

Hapo kayabo ndiyo inayotutia shaka. Maji ya ziwa hayana chumvi, na dagaa wakavu hawaharibu chuma, lakini sangara wa chumvi huchuruzika njia nzima. Maji hayo hupita kwenye maungio ya bodi, huangukia juu ya chasisi na kutulia ndani yake, kwa kuwa chasisi ya gari hili ni sanduku lililo wazi ndani. Kutu inaanzia ndani kuja nje. Utakapoiona kwa nje, bati limeshabaki jembamba.

Beba tochi, nyundo ndogo, bisibisi ya zamani na futi ya kupimia. Lala chini ya gari, gonga chasisi taratibu kuanzia nyuma ya kebini hadi mwisho wa mkia. Chuma kizima hulia kwa sauti kavu inayofanana urefu wote. Sauti ikigeuka kuwa butu, simama hapo, kwaruza rangi, bonyeza na bisibisi. Bisibisi ikizama, au magamba yakidondoka, maliza maongezi. Muuzaji akikukataza kukwaruza rangi ya chini, hilo nalo ni jibu. Sehemu za kukazia macho ni mabano ya springi za nyuma, mbele na nyuma ya ekseli. Sehemu chasisi inapopita chini ya ukuta wa nyuma wa kebini. Matundu ya boliti za bodi. Na mataruma yanayounganisha pande mbili. Ufa hauonekani kama ufa mwanzoni. Unaonekana kama mstari mwembamba wa kutu ya rangi ya chungwa juu ya rangi nyeusi, mara nyingi ukianzia kwenye tundu au pembeni mwa weldingi ya zamani.

Kisha simama pembeni, tazama mwanya kati ya kebini na bodi. Unatakiwa uwe sawa juu na chini, kulia na kushoto. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, mkia umeshuka: chasisi imejikunja nyuma ya kebini kwa kuzidishiwa mzigo. Hakikisha tu bodi lenyewe halijafungwa upande kwa mipira mipya ya chini. Kwa uhakika zaidi, pima kwa futi mshazari: boliti ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, halafu kinyume chake, ukitumia boliti zile zile za chasisi pande zote mbili. Vipimo vikipishana zaidi ya sentimita moja, gari hili limewahi kugongwa au kupinda.

Weldingi peke yake haitukimbizi. Kiraka kirefu kilichochomelewa kwa kufuata urefu wa chasisi, ncha zake zikiwa zimechongwa mshazari, ni kazi ya mtu anayejua. Kiraka cha mraba kilichochomelewa kukatisha chasisi juu hadi chini kimehamisha ufa tu, utatokea pembeni yake.

Sasa kilomita. Msomo wa 186,000 uweke pembeni kabisa. Tazama mpira wa pedali ya klachi na ya breki, usukani sehemu mikono inaposhika saa nne na saa nane, kichwa cha gia, na bawaba za mlango wa dereva. Fungua mlango nusu, unyanyue kwa mkono: ukicheza juu na chini, umefunguliwa mara nyingi kuliko dashibodi inavyokiri. Pedali zenye mipira mipya kabisa kwenye gari la 2003 nazo zinasema kitu. Isitoshe, gari la mgodini hukaa linaunguruma saa nyingi bila kutembea. Injini inachakaa, kilomita hazisogei. Ukiambiwa kwamba pikapu hii ilitembea kwenye lami ya Japani kabla ya kuletwa, usiamini. Pikapu za 79 hazikuuzwa Japani kwenyewe hadi 2014, na hizo zilikuwa za petroli. Za 1HZ zilitengenezwa kwa ajili ya nchi kama zetu, na hapa ndipo zilipochakaa.

Kwetu sisi, yenye 400,000 iliyobadilishwa oili kwa wakati inanunulika kuliko 186,000 ya kubahatisha.

Na hilo la "haijafunguliwa" ligeuze swali: mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini? Kwenye 1HZ mkanda huo wa mpira unazungusha kamshafti na pampu ya dizeli kwa pamoja, na muda wake wa kawaida ni kilomita 100,000. Kwenye dashibodi kuna taa ya T-BELT inayowaka muda ukifika. Hakikisha inawaka ufunguo ukiwa ON na inazimika injini ikiwaka, kwa sababu kuna wanaong'oa balbu. Mkanda ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, valvu zinakutana na pistoni, na hapo injini itafunguliwa upende usipende. Kava la juu la mkanda linatoka kwa boliti chache. Omba litolewe. Mkanda wenye nyufa, uliochanika kingo au uliolowa oili au dizeli umekwisha. Ukinusa dizeli ndani ya kava, sili ya mbele ya pampu inavuja, na dizeli hulainisha mpira hadi unaachia meno. Ukikuta pia silikoni nyekundu au ya bluu imetokeza kwenye maungio ya injini, au vichwa vya boliti za silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) vina alama za spana, basi imefunguliwa. Kufunguliwa siyo dhambi. Kinachokuhusu ni kwamba ulidanganywa, na nani aliifunga.

Kuhusu ule moshi: uliwashiwa injini ya moto, kwa hiyo hukuona chochote. Gari la dizeli hukaguliwa likiwa baridi. Mwambie muuzaji utafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na asiliwashe. Ukifika, weka kiganja kwenye injini kabla ya salamu ndefu. Ikiwa vuguvugu, rudi kesho yake.

Ikiwa baridi, fungua mfuniko wa redieta. Maji yawe na rangi ya kulenti (dawa ya kupozea injini), kijani au nyekundu, siyo rangi ya matope wala kutu, na yasiwe na utando wa mafuta. Chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi ni kawaida ya dizeli, usishtuke. Oili ya rangi ya chai ya maziwa ina maji. Oili iliyopanda juu ya alama ya F na kunuka dizeli inaonyesha nozeli (vinyunyizio vya dizeli) zinachuruza ndani ya silinda.

Washa ufunguo, subiri taa ya plagi za kupasha izimike, piga starta. Asubuhi ya Mwanza haina baridi ya kuisumbua 1HZ nzima. Itashika ndani ya sekunde mbili tatu. Ikilia tak-tak bila kuzungusha wakati betri zina moto, ni shaba za ndani ya starta zimelika, jambo dogo na la bei ndogo. Moshi mweupe unaowasha macho na kuisha ndani ya dakika moja ni dizeli ambayo haijaungua, na mara nyingi ni plagi moja au mbili zimekufa. Ukiendelea, hasa huku injini ikitikisika kana kwamba ina miguu mitano, silinda moja haifanyi kazi. Fundi alegeze nati za mabomba ya nozeli moja baada ya nyingine, injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, akiwa amefunika kwa kitambaa na uso ameuweka mbali, kwa sababu dizeli hiyo ina presha ya kutoboa ngozi. Akilegeza silinda nzima mlio utashuka. Akilegeza iliyokufa hakuna kitakachobadilika. Silinda moja iliyokufa inaweza kuwa nozeli tu, na inaweza kuwa kompresheni, yaani silinda haigandamizi hewa sawasawa. Kipimo ndicho kitakachosema.

Moshi wa bluu ni oili. Mweusi mwingi wakati wa kupanda mlima ni hewa kidogo au dizeli nyingi: anza na filta ya hewa, ndipo uzifikirie nozeli na pampu.

Moshi mweupe mzito usiowasha macho, unaotoka na matone hata injini ikishapata moto, ni maji yanaingia ndani. Hili ndilo la kuogopa, kwa sababu ugonjwa unaoiua 1HZ ni kuchemsha. Ikichemsha mara moja vibaya, hedi hupata nyufa kati ya valvu na kuzunguka vile vyumba vidogo vya mwako. Kwa hapa Mwanza ongeza na hili: tuko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Presha inayoshikiliwa na mfuniko wa redieta ndiyo inayozuia yasichemke. Mfuniko wenye mpira uliokauka, kitu cha bei ndogo kabisa kwenye gari zima, unaweza kukuua hedi kwenye kilima chenye mzigo.

Kwa hiyo shika bomba la juu la redieta mara tu injini baridi inapowaka. Likijaa na kuwa gumu ndani ya dakika ya kwanza, kabla maji hayajapata joto, ni gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Njia nyingine ni kuacha mfuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, kisha fundi akanyage mafuta kidogo kidogo. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa. Mapovu yasiyokoma ni gasketi au ufa. Gereji yenye ile dawa ya kupimia gesi, ya bluu, itakupa jibu lisilo na ubishi: kwa injini ya dizeli dawa inageuka kijani ikikutana na gesi ya mwako. Mfuniko usiufungue injini ikishachemka, hata ukiombwa na mwenye gari.

Injini ikishapata moto, fungua mfuniko wa kuwekea oili, uugeuze na kuulaza juu ya tundu lake. Ukitikisika tu, ringi zina maisha. Ukirushwa, na moshi ukatoka kwa mapigo huku matone ya oili yakiruka, injini inapumua: ringi na silinda zimechoka. Hapo dai kipimo cha kompresheni cha silinda zote sita. Namba yenyewe hutofautiana kidogo kwa kipimo na kwa nguvu ya betri. Sisi tunatazama tofauti kati ya silinda iliyo juu na iliyo chini. Isizidi baa 5.

Turbo ya dalali, kataa. 1HZ ina mgandamizo wa zaidi ya 22 kwa 1 na mwako wake huanzia kwenye vyumba vidogo ndani ya hedi. Turbo inaongeza joto pale pale hedi inapopasuka. Wapo walioifunga kwa uangalifu, wakapunguza dizeli na kuweka geji ya joto la ekzosi, lakini wewe unataka gari la kubeba samaki alfajiri. Na ukikuta pikapu hii tayari ina alama za kuwahi kufungwa turbo, kwa mfano bomba la oili lililozibwa pembeni mwa bloku, rudia kipimo cha gesi kwenye maji mara mbili.

Jambo ambalo wanunuzi wa Mwanza hulipita ni maji ya ziwa. Pikapu za mwaloni hurudishwa nyuma hadi majini ili kupakia kutoka kwenye mtumbwi, na nyingi huoshwa ziwani. Mkonga unailinda injini isivute maji kwa njia ya hewa. Difu (kasha la gia katikati ya ekseli), giaboksi na mahabu (vitovu vya magurudumu) yako chini ya maji vile vile. Difu iliyotoka safari ina joto. Ikizamishwa ghafla, hewa iliyo ndani inapoa na kusinyaa, na kama bomba la kupumulia limeziba tope, difu inavuta maji kupitia sili.

Dawa ya kuligundua ni rahisi, nayo inataka gari lililolala bila kutembea, kwa hiyo ifanye asubuhi ile ile. Legeza nati ya chini ya difu ya nyuma polepole, bila kuitoa. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yatatangulia kutoka. Yakitoka matone ya maji, au oili ya rangi ya maziwa, fungua na ya mbele. Angalia sumaku ya nati: ujiuji mweusi laini ni kawaida, vipande vya chuma siyo. Kisha tazama yale matufe ya chuma nyuma ya magurudumu ya mbele. Yanatakiwa yawe na utando mwembamba wa grisi. Yakilowa oili nyepesi inayochuruzika, sili ya ndani ya ekseli imekwisha. Oili ya difu inaichanganya grisi na kuiyeyusha, na beringi zinakauka. Sili na grisi siyo gharama ya kukufanya uondoke. Beringi zilizokaa miezi na maji ni habari nyingine.

Inua gurudumu la mbele kwa jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini, utikise. Likicheza, mtu akanyage breki, utikise tena. Kuchezacheza kukiisha, ni beringi za gurudumu, huenda zinahitaji kukazwa tu. Kukibaki, ni beringi za tufe, juu na chini. Hizo ndizo zinazofanya usukani utikisike kwa fujo ukifika kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa, na dereva wengi huzifichia kwa kubalansi matairi.

Barabarani nenda na mzigo. Pikapu tupu haisemi kitu. Weka mifuko 16 ya saruji, ambayo ni kilo 800, toka mjini kwa barabara ya Musoma hadi Kisesa, rudi, kisha upande mlima wa Bugando kwa gia ya pili bila haraka. Mshale wa joto ukishakaa mahali pake, chini kidogo ya katikati au katikati, usisogee hata kidogo. Mshale huu huchelewa. Ukianza kupanda injini imeshaumia. Ukiwa gia ya nne kwenye mwendo mdogo kanyaga mafuta hadi mwisho: mlio ukipanda na gari lisiongeze mwendo, klachi inateleza. Kwenye mteremko achia mafuta katika kila gia, sikiliza kama kuna inayochomoka. Pili inayokwaruza ukiishusha haraka ni ya kawaida kwa magari haya na unaweza kuishi nayo. Gia inayochomoka ni giaboksi kushushwa. Ukiachia na kukanyaga ukasikia "kong" chini, ni krosi za propela, kazi ya asubuhi moja.

Fo-wili ijaribie kwenye udongo au mchanga, usijaribie kwenye lami kavu. Funga kufuli za mahabu ya mbele kwa mkono, ingiza, tembea mita chache mbele na nyuma, kisha jaribu na gia nzito. Kufuli lililoganda halizunguki kwa vidole. Likikugomea, ujue haijatumika muda mrefu.

Fundi wako tunakushauri umwache nyumbani kwa safari hii. Tafuta wa Nyakato au kwingineko asiyemjua dalali, mlipe siku yake, na mwambie mapema kwamba malipo ni yale yale gari likinunuliwa au lisiponunuliwa.

Makaratasi uyamalize kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba. Namba ya chasisi imegongwa kwenye chasisi yenyewe upande wa kulia mbele, karibu na gurudumu. Ifute, isome, ilinganishe na bati lililoko kwenye gari na kadi. Namba ikizungukwa na alama za kusagwa, au chuma cha hapo kikiwa laini kuliko cha jirani, ondoka. Linganisha pia namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku, ujazo ulioandikwa, na rangi: umesema imepakwa upya, kwa hiyo kama kadi inasema rangi nyingine, mabadiliko hayo muuzaji ayamalize TRA kwa jina lake. Mwombe pia akuonyeshe kwamba hakuna faini za barabarani zinazodaiwa, na gari lipitishwe polisi kukaguliwa namba. Jina la kwenye kadi liwe la mtu aliyekaa mbele yako na kitambulisho chake. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, na sehemu ya fedha ibaki hadi umiliki uhamie kwako.

Ya kukuondoa bila majadiliano ni namba iliyochezewa, chasisi iliyooza au kupinda, na gesi ndani ya maji ya redieta. Injini inayopumua inajadilika ikiwa tu muuzaji atakubali kukata gharama yote ya ovahoo (kuifumua injini na kuifufua), na ovahoo ya silinda sita siyo ndogo; pata bei ya vipuri na ya ufundi kwa maandishi kabla ya kukaa mezani. Mengine yote, nozeli, klachi, krosi, sili, matairi, starta, yaorodheshe na bei zake, uyatoe kwenye hiyo milioni 42.

Na ukiinunua, usiipakie siku hiyo. Badilisha kwanza mkanda wa taimingi pamoja na beringi yake ya kukazia, hata ukiapiwa ni mpya, kisha oili ya injini na filta yake, kama lita 10, daraja la 15W-40 la dizeli. Filta ya dizeli, oili za difu zote mbili na giaboksi, kulenti mpya, thermostati na ule mfuniko wa redieta. Majani ya springi yaliyoongezwa yatoe, ubakize ya kiwandani, ili gari likuambie lenyewe ukizidisha.